Pishi, Debe na Kilo

Leo tuzungumze habari za vipimo, maana wengi wetu tunapunjwa kwa debe letu wenyewe.

Hapo zamani wafanyabiashara wa pwani walikuwa na njia mbili za kupima. Karafuu na pembe za ndovu zilipimwa kwa mizani, kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Lakini mchele, mtama na mahindi vilipimwa kwa kujaza chombo. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, nayo pishi ya nafaka ilikuwa na uzito wa karibu ratili 6, kama kilo 2 na robo tatu. Tena watu walikuwa wakiulizana: je, ni pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, au ni ya kilele?

Katika karne ya 19 yakaja mafuta ya taa kutoka Marekani, ndani ya mabati, mawili kwa kila sanduku la mbao. Kila bati lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Likawa debe la kutekea maji na kupimia nafaka.

Baadaye ikaja kilo. Kilo ikashika dukani, debe likabaki shambani, na hapo ndipo penye hasara. Debe la mfuto la mahindi makavu ni kilo 13 hivi. Ukiweka kilele, mnunuzi anapata kilo nyingine za bure, naye akifika mjini anauza kwa mizani!

Tena ujazo mmoja si uzito mmoja. Lita moja ya mahindi makavu ni karibu robo tatu ya kilo. Unga ni pungufu ya hapo, na chumvi hupita kilo. Ndiyo maana hata jikoni kikombe cha unga hakilingani na kikombe cha chumvi.

Basi, kabla ya kuuza, azima mizani. Pima debe au ndoo yako tupu, kisha ijaze mahindi, uifute juu kwa kijiti, upime tena. Toa uzito wa chombo. Kinachobaki kiandike ubavuni kwa rangi. Fanya hivyo kwa kila zao, maharage mbali, mpunga mbali. Mnunuzi akitaka kilele, nawe mtajie kilo zake na bei yake.