Idhini ya Filamu za Wanyamapori Tanzania: Kutoka Serengeti 1957 hadi Dodoma 2019

Mwezi Juni 2019 Bunge lililoketi Dodoma lilipitisha, kwa hati ya dharura, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3). Wachambuzi wengi walishughulikia vifungu vilivyohusu asasi za kiraia na kampuni. Insha hii inajikita katika vifungu vya filamu, ambavyo vilimtaka mtayarishaji wa kigeni anayetumia maudhui ya Tanzania awasilishe kwa Bodi ya Filamu picha ghafi zote pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika, ili serikali iweze kuzitumia kuitangaza nchi. Hoja yetu ni kwamba vifungu hivyo vilijibu swali lililokuwa limedumu kwa miaka sitini: filamu ya wanyamapori ikishakamilika, ni nani mwenye kauli juu yake?

Swali hilo linaonekana vizuri zaidi katika kisa cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Wajerumani hao walikusudia kutumia fedha walizozipata kwa filamu yao ya awali kununua ardhi kwa ajili ya hifadhi. Kanali Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri watumie fedha hizo kuhesabu wanyama na kufuatilia misafara ya nyumbu. Kwa hiyo mshirika wa uhifadhi hakusubiri mwisho ili atoe idhini. Yeye ndiye aliyeielekeza kazi tangu mwanzo. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa katika mjadala wa kubadili mipaka ya Serengeti, na takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye ndege iliyopakwa milia ya pundamilia ziliingia moja kwa moja katika mjadala huo.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki ndege hiyo ilipogongana na tai. Baba yake aliikamilisha filamu, *Serengeti darf nicht sterben*, kisha akakutana na kikwazo asichokitarajia. Taasisi ya kupima ubora wa filamu mjini Wiesbaden ilitaka maneno fulani ya simulizi yabadilishwe, yakiwemo yale yaliyowalinganisha wanyama wa Afrika na majengo ya kale kama Akropolis. Suala hili halikuwa la heshima tupu, kwa kuwa daraja la ubora liliwapunguzia wenye sinema kodi ya burudani. Grzimek alikataa. Mwaka 1960 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar.

Kilichobishaniwa Wiesbaden kilikuwa sentensi chache. Msimamo wa Grzimek kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji, haukuwa sehemu ya ubishi huo, ilhali ndio uliowagusa Wamasai waliokuwa wakitakiwa kuhama Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa kuwa mamlaka ya pekee, na wafugaji wakaelekezwa huko. Kwa maoni yetu, historia nyingi za filamu hii zimekuwa za huzuni ya baba kuliko za ardhi.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka kibali cha waziri kabla ya kupiga picha, na idhini ya Bodi kabla ya maonyesho. Udhaifu wake kwa wanyamapori ni dhahiri. Ililinda mlango wa kuingilia na ukumbi wa ndani, lakini filamu iliyohaririwa Ulaya na kuonyeshwa huko ilikuwa nje ya mkono wake. Marekebisho ya 2019 yalilenga pengo hilo hasa, kwa kuzifuata hata picha ambazo mhariri ameziacha.

Hata hivyo, shabaha iliyotajwa ni kuitangaza nchi, na tangazo lina vigezo vyake. Picha ya nyumbu wakivuka mto Mara inalitimiza bila taabu. Picha ya mkulima wa Chemba aliyepoteza shamba kwa tembo waliotoka Pori la Akiba la Swagaswaga hailitimizi, ingawa pori hilo liko mkoani Dodoma kwenyewe, si mbali na ukumbi wa Bunge. Mtafiti atakayepata fursa ya kuzipitia picha ghafi zitakazowasilishwa kwa Bodi aanze na zile zisizokuwa na mnyama hata mmoja.