Dele Langu la Kahawa Huko Kasulu



Nilipoolewa nikachukuliwa Kasulu, mama alinitilia sandukuni kanga, udi na dele la kahawa. Lile dele nililicheka. Kwetu Unguja kahawa ni ya barzani: wanaume wanakaa kwa bao na siasa, sisi tunapita na mabuibui yetu tukisikia finjani zikigongana. Kumbe kule milimani, kwenye baridi na Kiha nisichokijua, dele ndilo lililonitafutia watu.

Tuanze mbali kidogo. Kahawa ilianza kunywewa Yemen karne ya 15, na wa mwanzo kuishikilia ni masufi waliotaka kukesha kwa dhikri. Mwaka 1511 ofisa wa Wamamluki mjini Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku. Walisema inalevya, lakini kilichomkera hasa ni watu kukusanyika usiku. Amri ilipofika kwa Sultani wa Cairo, mikusanyiko ndiyo iliyokatazwa, kahawa yenyewe ikaachwa. Katikati ya karne ya 16 Istanbul nayo ikapata nyumba za kahawa. Mwanamke hakukaa humo. Yeye alikunywa nyumbani, au hamamuni na wenzake. Kwa hiyo kikao cha kina mama si jambo la juzi, ila hakikuwa na kibao mlangoni.

Buha nayo ina habari zake. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Kiha waliondoka kwenda kukata mkonge Tanga, na mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao. Heru, hapo hapo Kasulu, ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. (Hili sikufundishwa skuli, nimelijulia huko huko.) Upande wa Manyovu, uliokuwa Kasulu kabla ya wilaya ya Buhigwe kuanzishwa 2012, wanalima arabika na kuiuza kupitia chama kikuu cha ushirika cha Kanyovu. Kazi yake ni ya subira. Unachuma tunda jekundu tu, la kijani unaliacha, unarudi tena siku nyingine. Kisha kumenya, kuchachusha, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kuchambua mbovu moja moja. Tazameni mikono inayochambua, mingi ni ya wanawake.

Na buni yote hiyo inapandishwa magari ikaenda zake. Wenyewe wanakunywa chai! Jirani yangu alizaliwa katikati ya mibuni, lakini kahawa ya tangawizi aliionja kwangu, nikiwa nimeikaanga kwenye chungu na kuitwanga kwa kinu chake. Alikunja uso kwa uchungu wake, akaomba finjani ya pili. Kesho yake akaja na wifi yake na kikapu alichokuwa anasuka. Mimi nikatoa kofia ya viua niliyokuwa nikimshonea mume wangu. Baada ya mwezi tulikuwa saba kila Alhamisi baada ya alasiri, kibarazani, mimi nikijifunza kuanzisha kitako cha kikapu, wao wakitoboa viua.

Mmoja wetu alikuwa mwenyeji wa Burundi aliyeolewa hapo zamani. Kiha na Kirundi wanasikilizana bila mkalimani. Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia Nyarugusu, kambi iliyopo Kasulu tangu 1996, na baadaye Nduta kule Kibondo, alikuwa anakuja na kofia yake lakini hashoni. Anashika finjani mpaka inapoa. Hakuna aliyemuuliza. Siku aliyosema mwenyewe kwamba dada yake hajulikani alipo, kazi zote ziliwekwa chini, tukamwombea dua.

Halafu likaja la 1511. Mzee mmoja wa upande wa mume wangu akasema haipendezi biharusi kukaa nje na kahawa kama mwanamme, na vikao vya wanawake huzaa umbea. Umbea ulikuwepo, sitawadanganya. Lakini nililia usiku ule, maana nilijua nikifunga dele nimebaki peke yangu. Mume wangu alinisikiliza, akaenda kuzungumza naye kwa adabu zote. Tukakubaliana tuhamie uani.

Uani kulikuwa na moshi wa jiko na kuku wanaopita juu ya ukindu. Alhamisi ya kwanza walikuja wote saba, na mkwe wa yule mzee akawa wa nane. Alikuja na finjani yake mwenyewe.