Kanga ilianza kusema lini?

Mwaka 2027 duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa litatimiza miaka 140. Wengi hawalijui kwa jina hilo, ila ukiwatajia "Mali ya Abdulla", chapa inayokaa pembeni mwa kanga zake, watakuambia wana doti mbili tatu sandukuni. Duka hilo ndilo linalotajwa sana kuwa lilianza kutia majina, yaani yale maneno, kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Vazi lenyewe lilitangulia maneno. Wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapwa, wakaunga sita kupata nguo moja, mpaka wafanyabiashara wakaleta iliyokamilika.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika juu ya Unguja baada ya utumwa, anaitazama kanga kama habari ya uhuru, nami nakubaliana naye. Mtumwa alivaa merikani, au kaniki iliyotiwa rangi ya giza. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, sheria ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Dukani hapakuwa na hakimu. Mwenye fedha alivua kaniki akajifunga kanga, akapita barabarani kama mwanamke mwingine yeyote wa mjini. Mitindo ikawa inabadilika mbio. Kanga iliyogombewa leo, ikipitwa na mtindo haina mnunuzi.

Majina yalipoingia, uhuru ukapata ulimi. Mke mwenza, wifi au jirani asiyeambiwa jambo usoni sasa aliweza kulisoma mgongoni mwa mwenzake. "Hasidi hana sababu." Mwingine anajibu kesho yake, tena kwa doti mpya: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mume akiuliza kulikoni, jibu liko tayari: mimi nimependa rangi tu, bwana. Hapo hata mzee wa mtaa hana kesi ya kuamua, maana aliyechomwa akilalamika amekiri kuwa yanamhusu. Ujasiri wa aina hiyo huwezi kuuona kwenye hotuba za majukwaani. Na kwa asiye na ugomvi, yapo ya kujipa moyo: "Japo sipati tamaa sikati", "Riziki haivutwi kwa kamba".

Baada ya uhuru wa nchi zetu kanga ikachapwa nyumbani, Urafiki ya Dar es Salaam ikiwa kati ya viwanda vilivyovuma. Mwaka 2008 ikatoka hata ya kumpongeza Barack Obama. Siku hizi nyingi zinatoka India na China, na baadhi zimekosewa herufi, kana kwamba maneno ni pambo la kujazia nafasi chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga.

British Museum ya London imehifadhi kanga zetu. Sisi za bibi zetu zikichakaa tunazikata nepi na vitambaa vya jikoni. Kabla hujachukua mkasi, muulize mama ile kanga ilinunuliwa mwaka gani na ilikuwa inamwambia nani, uandike, uikunje pamoja na karatasi yake.