Miamba, Maboya na Madumu ya Ziwa Victoria

Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya SS Winifred ilikuwa njiani kuwapeleka askari wa Uingereza Karungu, ufuo ambao leo uko Kaunti ya Migori. Wajerumani walikuwa wameingia Kisii. Karibu na Karungu ikakutana na Muansa, tagi ndogo ya Kijerumani iliyofungwa mzinga, ikageuka na kuondoka. Siku chache baadaye ilirudi ikiandamana na SS Kavirondo, na mara hiyo askari wakashuka. Hata hivyo, iliyowapotezea Waingereza meli mwaka huo haikuwa Muansa. Novemba, SS Sybil, meli yao nyingine, ilipanda mwamba huko Majita, upande wa Wajerumani, ikaachwa huko, na haikuopolewa hadi 1915.

Miamba ya ziwa hili ilianza kuchorwa kwa makini reli ya Uganda ilipokaribia Kisumu. Kamanda B. Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alizunguka akipima kina na kuandika visiwa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Ramani za namna hiyo zililenga meli kubwa za reli. Mvuvi wa Mfangano au Muhuru Bay hakuwa na ramani. Alishika njia kwa vilima vya Gembe, Gwassi na Homa, na usiku wa giza alitegemea kumbukumbu.

Ajali moja ya mbali ndiyo iliyoharakisha lugha moja ya maboya duniani. Januari 1971, meli ya Texaco Caribbean ilizama katika mlangobahari wa Dover. Kesho yake Brandenburg ikagonga mabaki yake ikazama. Mwezi uliofuata Niki nayo ikayagonga, ingawa yalikuwa yamewekewa alama, na mabaharia wake wote wakafa. Wakati huo zaidi ya mifumo 30 ya maboya ilikuwa ikitumika. Mwaka 1980, mkutano wa Tokyo ulikubaliana juu ya mfumo mmoja wenye maeneo mawili, A na B.

Afrika iko eneo A. Chombo kikiingia bandarini, boya jekundu hubaki kushoto na la kijani kulia. Nguzo nyeusi na njano yenye pia mbili zinazoelekeza juu humwambia nahodha apite kaskazini yake. Zikielekeza chini, apite kusini. Nyeusi yenye mkanda mwekundu na mipira miwili juu husimama juu ya hatari yenyewe, kama mwamba uliojitenga. Jambo hili lingefaa kufundishwa kila bichi yenye mashua za injini, kwa sababu hujifunzwa asubuhi moja tu na huokoa watu maisha yote.

Ziwa Victoria lina ugumu wake. Mvua za 1961 hadi 1964 zilipandisha maji kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yakafikia tena kiwango cha juu sana, yakimeza fuo za Homa Bay. Mti uliopigwa rangi na kusimikwa penye jiwe huzama. Boya huinuka na maji, mradi mnyororo wake uwe na urefu wa kutosha. Halafu kuna gugumaji. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo huweza kuburuta boya lenye nanga nyepesi, na boya lililohama ni baya kuliko kutokuwapo, kwa kuwa nahodha analiamini.

Njia zenyewe pia zilibadilika. Tuta la Mbita la miaka ya 1980 liliziba mkondo kati ya bara na Rusinga, mashua zikalazimika kukizunguka kisiwa, hadi daraja lilipochukua nafasi yake.

Siku hizi alama zilizo nyingi zaidi ni za wavuvi wenyewe: madumu na chupa za plastiki zinazoelea juu ya nyavu, na taa za kuvulia omena usiku. Humwonyesha mwenye wavu mali yake, lakini dumu jeupe halimwambii mgeni apite upande gani, na kamba yake hujisokota kwenye rafadha. Vizimba vya samaki vimeongezeka Homa Bay, na mfumo wa 1980 una boya lake maalumu la njano linalofaa kwa shughuli kama hizo. Kila kizimba kilicho karibu na njia ya mashua kinastahili maboya hayo, yenye taa, na kamati ya usimamizi wa ufuo husika (BMU) iwe na orodha yake na zamu ya kuyakagua baada ya kila dhoruba.