TOT: KRA Inahesabu Mauzo, Si Faida Yako
Uko na duka ama kibanda na kwa mwaka unauza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25? Basi TOT inakuhusu, manze. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Ukiuza 200,000 kwa mwezi, unalipa 6,000, hata kama baada ya stoki na landilodi kuchukua chake ulibaki na 15,000 tu. Hapo ndo wengi huchomeka. Unafaili kwa iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, faini ni 1,000. Faida ikiwa nyembamba hivyo, unaweza kumwandikia Kamishna akuweke kwa ushuru wa kawaida wa mapato, lakini huko utahitaji rekodi za kila kitu, hadi pesa ya boda ya kuleta mzigo.