Xeon Si Cheo

Ukipita Luthuli Avenue ama yale maduka ya kompyuta za ex-UK pale tao, kuna sentensi utaisikia mara nyingi: "Hii si mashine ya kawaida, hii ina Xeon, ilikuwa ya seva." Inasemwa vile mtu angesema, "Huyu si konstebo, huyu ni inspekta." Na inashika. Mse ameweka akiba miezi sita anunue mashine ya kuedit video ama kucheza gemu, halafu anatoa doo yote juu ya neno moja.

Mimi sina shida na hizo mashine. Zingine ni kazi safi kabisa, na nitafika hapo. Shida yangu ni hilo neno "seva" kutumika kama cheo, kana kwamba prosesa ya mezani ilianguka mtihani na ya seva ikapita. Historia haisemi hivyo. Historia inaonyesha ukuta uliojengwa nusu na mainjinia na nusu na watu wa mauzo. Ukijua ni tofali gani liliwekwa na nani, hakuna mtu atakuuzia cheo tena.

Seva ilikopa kutoka mezani

Tuanze 1981. Mwezi wa Agosti IBM ilitoa IBM PC, ikiwa na prosesa ya Intel 8088. Wakati huo kazi nzito za benki na serikali zilifanywa na mashine kubwa za kujaza chumba, na prosesa zake zilikuwa za aina yake kabisa. Hakuna meneja wa benki angefikiria kuweka hesabu za wateja kwa chipu ya kompyuta ya mezani.

Lakini chipu za mezani zilikuwa zinapanda kasi huku bei inashuka. Mwaka 1989 Compaq ikatoa mashine inaitwa SystemPro. Ndani ilikuwa na prosesa ya 386, familia ileile iliyokuwa kwenye kompyuta za ofisini, ila ilikuwa na nafasi ya prosesa mbili na ilijengwa kuhudumia ofisi nzima badala ya mtu mmoja. Yaani seva tunazozijua leo zilizaliwa kwa kuchukua chipu ya mezani na kuipa kazi kubwa.

Kuna jambo lingine la ile IBM PC ya 1981 ambalo watu wengi hawalijui. Memori yake ilikuwa na askari. Kwa kila biti nane za data, iliweka biti ya tisa ya kukagua kama kuna kitu kimeharibika. Kompyuta ya mezani, na ilikuwa inajikagua. Weka hiyo kwa kichwa, tutaihitaji.

1998, mwaka wa matabaka

Novemba 1995 Intel ilitoa Pentium Pro. Hii ilikuwa hatua ya kweli ya kiinjinia. Waliweka memori ya akiba, ile ndogo ya haraka inayokaa karibu na prosesa, ndani ya pakiti moja na prosesa yenyewe. Unaweza kuweka nne kwa mashine moja zikafanya kazi pamoja. Ilikuwa ghali kutengeneza, na kwa programu za zamani zilizokuwa bado zimejaa ndani ya Windows 95, haikung'aa. Kwa hivyo ilienda kwa seva na kwa mashine za wanasayansi. Kompyuta kubwa ya ASCI Red kule Sandia, Marekani, ya kwanza duniani kuvuka hesabu trilioni moja kwa sekunde, ilijengwa kwa maelfu ya hizi Pentium Pro.

Hadi hapo, fiti. Kazi tofauti, chipu tofauti.

Halafu ikafika 1998. Ndani ya mwaka mmoja Intel ilikuwa na majina matatu sokoni: Celeron kwa mwenye pesa kidogo, Pentium II kwa mtu wa katikati, na kuanzia Juni, Pentium II Xeon kwa seva. Ukifungua ndani, moyo ulikuwa wa muundo uleule. Xeon ilipewa memori ya akiba kubwa zaidi na ya kasi kamili, na ruhusa ya kufanya kazi nyingi pamoja kwenye mashine moja. Celeron ya kwanza ilinyimwa kabisa hiyo memori ya akiba.

Nimesema "ruhusa" makusudi. Celeron ilitakiwa iwe peke yake kwa mashine. Lakini wasee wa kompyuta waligundua kwamba uwezo wa kufanya kazi mbili mbili ulikuwa bado upo ndani, umezibwa tu. Wengine walitoboa kwa drili kurudisha njia iliyokatwa. Mwaka 1999 kampuni ya Abit ya Taiwan ikamaliza mchezo: ikatoa ubao mkuu unaoitwa BP6, uliokubali Celeron mbili bila kutoboa chochote. Vijana wakajenga nyumbani mashine za prosesa mbili kwa bei ya kutupa, kitu ambacho kampuni zilikuwa zinalipia pesa ya Xeon. Celeron za baadaye zikafungwa vizuri zaidi, na huo mlango ukaisha.

Ukidhani hayo ni ya kale, 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 ambayo, ukiingiza namba yake, inafungua uwezo uliokuwa tayari ndani ya prosesa ya Pentium uliyokwisha kununua. Watu walipiga kelele, mpango ukafa mwaka uliofuata. Lakini ilionyesha wazi kwamba nyuma ya tofauti nyingine za bei kuna swichi tu.

Tofali moja la kweli

Sasa usitoke hapa ukisema yote ni uongo wa mauzo. Kuna tofali moja kwenye huo ukuta ambalo ni la kweli kabisa, na ndilo wauzaji hawaliongelei: kukagua memori.

Mei 2003 Ubelgiji ilikuwa na uchaguzi. Katika Schaerbeek, moja ya manispaa za Brussels, kura zilihesabiwa na kompyuta. Mgombea mmoja akapata kura nyingi kuliko zilivyowezekana kihesabu. Waliporudia hesabu, tofauti ikawa kura 4,096 kamili. Si 4,000, si 4,100. Namba 4,096 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 12, yaani ni thamani ya biti moja ndani ya kompyuta. Wataalamu walichunguza programu hawakuona kosa. Maelezo waliyobaki nayo ni kwamba biti moja kwenye memori iligeuka yenyewe kutoka 0 kuwa 1. Vitu kama chembe zinazotoka angani huweza kufanya hivyo.

Unaona uzito wake? Mashine haikuzima. Haikuonyesha rangi nyekundu. Ilitoa jibu la uongo kwa utulivu, na lilishikwa tu kwa sababu lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lingekuwa dogo, labda lingepita.

Google nao walijifunza hivyo. Walianza kwa kompyuta za bei rahisi za mezani, na kufikia 2003 wahandisi wao waliandika kwamba wana zaidi ya 15,000 za aina hiyo, zingine na Celeron. Ujanja wao ulikuwa kwamba mashine moja ikifa, programu inahamisha kazi kwa nyingine. Hiyo ilifanya kazi poa kwa mashine inayokufa. Kwa mashine inayodanganya ni stori nyingine. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliofanywa kwenye seva za Google zenyewe: kila mwaka karibu theluthi moja ya mashine ilipata angalau kosa moja la memori, na zaidi ya 8% ya vijiti vya memori viliguswa.

Dawa inaitwa ECC, memori inayobeba biti za ziada za kugundua kosa na kulirekebisha papo hapo. Kwa miaka mingi Intel iliiacha kwa Xeon na kuizima kwa prosesa nyingi za mezani. Mwaka 2021 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliilaumu Intel hadharani kwa kuua ECC kwenye soko la watu wa kawaida. Sasa rudi kwa ile IBM PC. Kompyuta ya mezani ya 1981 ilikuwa inakagua memori yake, na nyingi za leo hazikagui. Hapo ndipo nakasirika kidogo, juu kitu tulichokuwa nacho kilitolewa, kikawekwa upande wa pili wa ukuta, tukauziwa.

Ukuta unapasuka

Aliyeanza kuupasua ni AMD. Aprili 2003 ilitoa Opteron ya seva, iliyoweza kufanya kazi kwa biti 64 na bado ikaendesha programu zote za zamani. Miezi mitano baadaye ikapeleka teknolojia hiyohiyo mezani kwa jina la Athlon 64. Intel ilikuwa imewekeza kwa Itanium, chipu ya seva ya biti 64 iliyotaka programu ziandikwe upya. Soko likasema hapana, na 2004 Intel yenyewe ikaanza kutumia njia ya AMD kwenye Xeon.

Halafu tukakaa. Prosesa ya kori nne ya Intel ilikuwa mezani kufikia 2007. Januari 2017 Core i7-7700K ilitoka, na kori zilikuwa bado nne. Miaka 10! Wakati huo seva zilikuwa zinaongezewa kori kila toleo. Xeon E5-2670 ya 2012 ilikuwa na kori nane. Data senta zilipoanza kuzitupa miaka michache baadaye, bei ya hizo za mtumba ikaanguka hadi chini ya dola 100. Hapo ndipo ile sifa ilizaliwa, na wakati huo ilikuwa haki yake. Kori nane kwa bei ya chakula cha familia mkahawani, wakati duka linakupa nne. Nani angekataa?

Lakini Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen ya kori nane mezani. Miezi mitatu baadaye ikaleta EPYC ya seva, yenye hadi kori 32. Siri ni hii: EPYC ile ilikuwa vipande vinne vya silikoni ya muundo uleule wa Ryzen, vimeunganishwa kwenye pakiti moja. Kijana anayecheza gemu Umoja na data senta ya kampuni kubwa walikuwa wanatumia silikoni ndugu.

Sasa pesa yako

Sifa ya 2016 ndiyo bado inauzwa leo, na soko limeshahama. E5-2670 ina kori nane, lakini kila moja inaenda gigahezi 2.6 hadi 3.3, na ni muundo wa zamani. Ryzen 5 5600 ya 2022 ina kori sita zinazoenda 3.5 hadi 4.4, na kila mzunguko unafanya kazi nyingi zaidi. Gemu nyingi hutegemea kori chache za kasi. Ukiedit video, prosesa nyingi za Intel za mezani tangu 2011 zina sehemu maalum ya kusukuma video haraka. Hiyo Xeon haina.

Halafu kuna tokeni. Hiyo Xeon imeandikwa wati 115, Ryzen wati 65. Hizo ni namba za kiwandani, si za mita yako, lakini zinakupa picha. Tofauti ya wati 50, masaa nane kwa siku, kwa mwezi ni karibu uniti 12. Aliyekuuzia hatakuwa hapo ukinunua stima.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama kazi ni gemu, video, shule ama kodi ya kawaida, chukua prosesa ya mezani ya miaka ya karibuni, hata kama haina jina kubwa. Xeon ya ex-UK ichukue kama unajua kwa nini: unataka memori nyingi sana, unajifunza kuendesha mashine kadhaa ndani ya moja, unarenda picha za 3D usiku kucha, ama unaweka data ya watu wengine.

Na ukiichukua kwa sababu ya mwisho, hakikisha memori iliyo ndani ni ya ECC kweli na ubao mkuu unaikubali. Uliza kabla ya kulipa, washa mashine, angalia. Xeon bila memori ya kujikagua imekuletea umri na bili ya stima, na imeacha nyumbani kile kitu kimoja kilichostahili jina la seva.

Kama unaweka vitabu vya chama cha mtaa, michango ya watu 40, nunua hiyo ECC hata kama itabidi mashine iwe ya polepole. Gemu ikikosea biti moja utaona doa kwa skrini. Vitabu vya chama vikikosea biti moja, mweka hazina ndiye ataitwa mwizi.