Foleni ya kwenye kompyuta

Mitihani ilinibana, ila hii lazima niwamwagie. Zile programu za kukisia magari mangapi yatapita barabara ambayo hata haijajengwa zimetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa ni Chicago, Marekani. Kuanzia 1955 J. Douglas Carroll, akitokea kazi kama hiyo Detroit, aliongoza utafiti wa usafiri wa mji ule. Maelfu ya kaya ziliulizwa: jana mlikwenda wapi, kwa usafiri gani? Majibu yakaingia kwenye kadi za matundu, kisha kompyuta (za enzi zile, kubwa kama chumba!) ikazigawa safari barabarani kwa kutafuta njia fupi. Sheria ya 1962 ilipodai mipango ya usafiri kwa miji yenye watu zaidi ya 50,000, mbinu hiyo ikasambaa.

Kinachoniuma ni hiki: hesabu nyingi zilichukulia kwamba safari ni zilezile, ujenge usijenge. Wapi! Barabara mpya huita magari. Aliyekuwa anaogopa foleni anatoka, mwingine anahamia mbali kabisa na kazini. Mwaka 1989 wanamazingira wa eneo la San Francisco walikwenda mahakamani, na hesabu hizo zikabishaniwa mbele ya jaji.